Nyonga Yangu, Korona na Mke Mwenzangu

Ninaandika haya kwa ajili ya yule ambaye daktari amemwambia nyonga yake imekwisha, naye bado anajidanganya kwamba ni baridi tu imeingia kwenye mifupa. Mimi nilijidanganya hivyo kwa miaka. Nilijipaka mafuta ya kila rangi, nikajikanda kwa maji ya chumvi, nikanywa mizizi niliyoletewa kutoka nyumbani, na mguu wa kulia ukaendelea kufupika. Nasema kufupika kwa sababu sketi zangu zote zilianza kuburuza upande mmoja, na mimi ni fundi cherehani, najua nilichokata. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliumbuliwa na ngazi.

Kwetu ni Bungoma, Kenya. Nilifika Kampala baada ya vita vya themanini na sita, wakati kuta nyingi za maduka zilikuwa bado na matundu ya risasi na mtu mwenye cherehani alionekana tajiri. Nikashona sare za shule. Nikaolewa na askari polisi wa kutoka Yumbe, Mwislamu mpole mwenye pumu. Yeye akabaki na msikiti wake, mimi na kanisa langu, tukapata binti mmoja, Zubeda. Baadaye mume wangu, Mzee, akaoa mke wa pili, Halima, Muganda wa Old Kampala anayekaanga sambusa. Sikuulizwa. Tangu hapo mimi na Halima tuligawana mume bila kugawana salamu. Yeye alikaa kwake, mimi nikakaa kwangu Bugolobi kwenye fleti, ghorofa ya tatu, na hizo ngazi ndizo ninazozisema. Ilifika mahali nikawa nazipanda kwa makalio, kinyumenyume, mkoba mapajani, na watoto wa majirani wananipisha kwa adabu kama gari bovu.

Picha ya mfupa nilipigwa hospitali ya Mulago. Daktari aliyeisoma aliniambia hii haitibiwi kwa vidonge, inabadilishwa. Jioni ile Mzee akampigia simu ndugu yake kule Yumbe. Kiswahili cha Mzee ni cha kambini, hakina mapambo. Akasema, "Mama Zubeda, dakitari anataka nyonga." Nikasikia kelele kutoka upande wa pili. Ndugu yake, naye askari mstaafu, alikuwa anauliza, "Wanamunyonga kwa nini? Amefanya kosa gani?" Nilicheka mpaka nyonga yenyewe ikaniamuru ninyamaze.

Nilipangiwa operesheni katika hospitali nyingine mwanzoni mwa mvua za Machi. Nilikuwa nimeshanunua kanga mpya na sabuni. Korona ikaingia. Nikapigiwa simu kwamba operesheni zote zinazoweza kungoja zingoje, na kwao nyonga ni kitu kinachoweza kungoja. Magari yakasimama, bodaboda zikakatazwa kubeba watu, shule zikafungwa na cherehani zangu zikanyamaza. Nilikaa kwenye kiti kimoja karibu na dirisha tangu mvua zilipoanza mpaka zikakatika. Kulala ubavu wa kulia nilisahau. Chupi nilivaa kwa fimbo, na soksi niliziacha kabisa. Sikulia sana, lakini siku moja Mzee alikuja kunikata kucha za miguu bila kuombwa, akiwa na miwani yake puani, akikohoa, na hapo nililia.

Kliniki ya hospitali hiyo ilipofunguliwa tena nilikwenda kujua hali yangu. Getini palikuwa na jerikeni la kunawia, lile unalokanyaga kijiti kwa mguu ndipo maji yanatoka. Mguu wangu haukuweza kukanyaga. Mwanaume nisiyemjua akakanyaga kwa niaba yangu, akasubiri nimalize kidole hadi kidole, kisha akaenda zake bila neno. Sijui sura yake kwa sababu ya barakoa. Ndani, viti vilikuwa vimewekwa alama ya msalaba kwa utepe mwekundu, kimoja kikalie, kimoja kiache, na kila aliyekohoa aligeuziwa macho na chumba kizima. Daktari wa hospitali ile, ambayo jina lake nalihifadhi, alikuwa kijana asiye na haraka. Alisema, "Mama, sitakudanganya. Hospitali ni mahali pa wagonjwa na korona ipo. Tutakupima kabla hujaingia, tutakuweka wodi ya waliopimwa, na tutakuchoma sindano ya mgongo badala ya kukulaza usingizi wa mpira kooni. Lakini hatari haiishi kwa sababu nimeitaja. Na nyonga yako nayo ukiiacha, mwakani utakuwa unabebwa."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo. Woga wangu haukuwa kufa mezani. Nilimwogopea Mzee na kifua chake. Ningetoka hospitali na mguu mpya, nimletee ugonjwa nyumbani, nimzike. Ningetembea kwenda wapi?

Zubeda alikataa moja kwa moja. Ana ofisi Entebe na alikuwa ananyonyesha. "Mama, ngoja chanjo," alisema. "Ngoja tu." Ni rahisi kumwambia mtu angoje ukiwa umesimama. Mzee yeye alikuwa upande wangu. "Wewe nakwenda," alisema. "Mimi nimekaa na hii kifua tangu mutoto, haijaniua. Lakini hii kuangalia wewe natambaa, hiyo nitakufa nayo."

Kilichobaki ni mtu wa kukaa nami. Aliyewahi kulazwa Kampala anajua: manesi wana kazi zao, lakini kuogeshwa, kulishwa, kufuliwa na kugeuzwa ni kazi ya mtu wako mwenyewe, ambaye Waganda humwita mujanjabi, naye hulala sakafuni kando ya kitanda. Kwa ajili ya korona sheria ilikuwa imekazwa. Mujanjabi ni mmoja tu, anapimwa kama mgonjwa, na akishaingia hatoki wala habadilishwi mpaka mgonjwa wake aruhusiwe. Zubeda hakuweza kwa sababu ya mtoto. Mzee ni mwanaume, wodi ni ya wanawake, na kifua ndicho hicho. Dada zangu wako Bungoma na mpaka ulikuwa umefungwa. Nilihesabu marafiki, nikaona kila mmoja ana sababu, na sababu zao zilikuwa za kweli.

Ndipo Mzee akaja kutoka Old Kampala, akasimama mlangoni akizungusha kofia mkononi. "Halima anasema yeye atakwenda," alisema. "Anasema yeye alisha ugua hiyo kolona akapona. Hana kazi sasa, watu hapana nunua sambusa."

Zubeda alipopata habari kwenye simu alipiga kelele. "Mama, huyo ndiye atakayekupikia? Atakumaliza huko huko!" Nami nilikuwa na hasira, sitaficha. Nilijiona nimeshushwa mpaka chini kabisa, kwamba yule aliyechukua nusu ya nyumba yangu sasa atanishika na mwili. Nilikaa na hasira hiyo usiku na mchana, na kila nilipogeuka kitandani nyonga ilinikumbusha kwamba haina habari na mambo ya wake wenza. Mwishowe nikamwambia Mzee, "Mwambie aje."

Tulilazwa msimu wa senene. Taa kubwa za kuwategea zilikuwa zimewashwa kila kilima, na asubuhi wauzaji walipita na makopo. Mimi na Halima tulichomwa kile kijiti cha puani tukiwa tumekaa viti viwili tofauti, katikati kiti chenye alama. Yeye alipiga chafya na kuomba radhi. Majibu yalipotoka safi tukapelekwa wodini, na nesi akamuuliza Halima yeye ni nani wangu. Nilitega sikio. Halima akajibu bila kupepesa, "Mimi muke mwenzake. Huyu mukubwa wangu."

Nesi alimtazama, akanitazama, kisha Halima alipokwenda kuchota maji akainama karibu nami. "Nyabo, huyu muggya wako? Kweli? Na chakula yake wewe nakula?"

"Nitakula," nikasema. "Nina njaa."

Operesheni yenyewe sina mengi ya kusema. Sindano ya mgongo ikatoa miguu yangu duniani, wakaweka pazia, na nikasikia misumeno na nyundo kama niko karakana ya seremala. Nesi mmoja alinishika bega muda wote. Harufu sitaieleza. Nilipotolewa nje ya kile chumba, mtu wa kwanza kumwona alikuwa Halima kwenye benchi la korido, na barakoa yake ilikuwa imelowa mbele. Sikumuuliza ni jasho au ni nini.

Siku zilizofuata ndizo ninazotaka kukueleza wewe unayengoja zamu yako, kwa maana hakuna aliyenieleza mimi. Kesho yake tu watakusimamisha. Utadhani ni ukatili, lakini ndiyo dawa. Utawekewa mto katikati ya mapaja ulale chali kama maiti, utakatazwa kukunja nne, kuinama, kuchuchumaa na kupiga magoti. Utachomwa sindano za tumboni ili damu isigande. Paja litavimba na kuwa la rangi ya bilinganya, na mshono utakuwa umebanwa kwa pini za chuma kama zile za kubania karatasi. Na utaogeshwa. Halima alivuta pazia, akaanza kuniosha kwa kitambaa, kuanzia shingoni kushuka, sehemu zote. Nilifumba macho. Aibu niliyoisikia hapo sijawahi kuisikia mbele ya daktari yeyote. Aliniosha pole pole, akanikausha, akanipaka mafuta miguuni, na alipomaliza akasema, "Mukubwa, wewe nilikuwa nasikia uko mnene. Kumbe Mzee alidanganya."

Nilifumbua macho. "Alisema mimi ni mnene?"

"Kwangu alisema hivyo. Kwako alisema mimi iko nini?"

Nilifikiri kidogo. "Alisema huwezi kupika wali."

Akaweka kitambaa chini. "Hiyo si uongo," akasema, na tukacheka, mimi nikiwa nimeshika mshono usifumuke.

Mzee hakuruhusiwa kuingia. Alikuwa anakuja mpaka getini na kuacha vitu kwa askari wa zamu, na siku moja akaleta mfuko wa senene hai wanaorukaruka. Halima akatandika gazeti kitandani kwangu, tukakaa tunawanyonyoa mabawa na miguu. Mimi kwetu tunakula kumbikumbi, senene nilijifunzia hapa. Halima akasema, "Huyu naye tumemutoa nyonga," akitupa kile kiguu kidogo, na mwanamke wa kitanda cha pili akacheka mpaka akakohoa.

Kikohozi hicho hakikuisha. Kesho yake alipimwa tena, na wakaja watu waliovaa nguo nyeupe mpaka machoni, wakamchukua. Kitanda chake kikapuliziwa dawa. Hatukuambiwa mengi. Sote tulipimwa upya na tukangoja majibu, na nakuambia kwamba ule mchana ulikuwa mrefu kuliko wa operesheni. Nilimfikiria Mzee. Halima alikaa kwenye mkeka wake na tasbihi, mimi nikasali kwa namna yangu, na majibu yetu yakatoka safi. Yule mwanamke alipona, tulisikia baadaye. Wakati ule hatukujua.

Kwa hiyo ukiniuliza kama ilikuwa salama, nitakujibu kama alivyonijibu daktari wangu. Haikuwa salama kama kulala nyumbani na afya yako. Lakini nyumbani sikuwa nimelala na afya yangu. Uliza watakupima lini, wodi yako ni ya nani, mujanjabi wako ni nani na ameugua nini. Uliza tena hata wakikunja uso. Kisha amua, na ukishaamua usimruhusu mtu akurudishe mlangoni.

Nilipokaribia kuruhusiwa, daktari alisema nisipande ngazi mapema, na kwa kuwa tulikaa karibu na mgonjwa wa korona, nikae mbali kwa muda na mtu yeyote mwenye kifua. Halima aliamua kabla sijafungua mdomo. "Wewe nakuja kwangu, kule ni chini. Mzee abaki Bugolobi." Hivi ndivyo nilivyoingia kwa mara ya kwanza nyumba ya Old Kampala. Choo chake kilikuwa cha kuchuchumaa, ambacho kwangu kilikuwa marufuku, basi akaita fundi akakata tundu kwenye kiti cha plastiki na kukiinua kwa matofali. Kila asubuhi nilipokikalia nilimwombea fundi yule heri. Mzee naye, mwenye wake wawili, akabaki peke yake ghorofa ya tatu akisonga posho. Tulipompigia simu alilalamika kwamba imeshika sufuria. Halima akamwambia aitie maji.

Lakini mwanaume aliyeachwa peke yake ni mgonjwa wa aina yake. Wazee wenzake, polisi wastaafu, walikuwa wanacheza ludo chini ya ngazi za fleti, barakoa zimeshushwa kidevuni ili matusi yasikike vizuri. Sisi tulikuwa tumenawa mpaka ngozi ikachubuka, tumepimwa mara kwa mara, nimelala chumba kimoja na mgonjwa wa korona nikatoka mzima, na Mzee akaipata kwenye ludo.

Aliposema kwenye simu kwamba chai haina ladha, Halima alinitazama. Hakukuwa na cha kujadili. Yeye alishaugua, mimi nilikuwa na fremu ya kutembelea na nyonga ambayo haijashika. Akafunga nguo zake kwenye begi. Zubeda akaja kukaa nami na mtoto mgongoni, akaingia kwenye ile nyumba kwa uangalifu kama mtu anayekanyaga sakafu yenye maji. Siku ya kwanza alipika chai ya majani aliyoyaleta mwenyewe. Siku ya pili alitumia ya Halima.

Hospitali zilikuwa zimejaa, daktari akasema mradi hewa yake haishuki atibiwe nyumbani, na ikishuka aletwe mara moja. Halima alikuwa na kile kidude cha kubana kidoleni kupima hewa. Alinipigia simu asubuhi na jioni. Kwanza alisema, "Anakohoa, lakini anagomba." Hiyo ilikuwa habari njema. Kisha akasema, "Hapana gomba tena." Nyuma yake nilimsikia Mzee akivuta pumzi, sauti kama mlango unaoburuzwa. Zubeda alichukua simu kutoka mkononi mwangu kwa sababu nilikuwa nimeishika bila kuisikiliza. Nilikuwa najiuliza kama ningemshika japo mkono. Nilijiambia kwamba kama nisingeitaka hii nyonga, angekuwa anakula chakula changu, mbali na meza ya ludo.

Asubuhi moja, jua limeshapanda, Zubeda akiwa bafuni na mtoto, simu ikalia. Ilikuwa sauti ya Halima, ya chini, imechoka mno.

"Mukubwa," alisema. "Mzee sasa amepumuzika. Mwili imepoa. Hapana kohoa tena."

Kwetu, mtu akikwambia hivyo, unavua kilemba. Sikumbuki kuweka simu mfukoni. Ninachokumbuka ni kwamba nilitaka kwenda Bugolobi, na kwamba nilikuwa navuta lachi ya geti ambayo haifunguki, na jua lilikuwa usoni mwangu, na jirani aliyekuwa anaanika nguo alisimama na shuka mkononi akinitazama. Simu ikalia tena kwenye mfuko wa gauni.

"Mukubwa, mbona unakata simu?"

"Amekufa saa ngapi?" nikauliza.

"Nani amekufa?"

"Umesema amepumzika. Umesema amepoa."

Nikasikia Halima akivuta pumzi, akisema jambo kwa Kiganda, na sauti yake ikapasuka katikati ya kicheko na kilio. "Homa, Mukubwa! Homa imepoa! Amelala vizuri tangu alfajili. Sasa ameamuka, anataka chai, anasema ina ladha. Ngoja, ongea naye."

Kulikuwa na kishindo cha simu kupokewa kwa mikono miwili. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini ilikuwa yake.

"Mama Zubeda. Mimi nimekufa lini?"

Nilishika nondo za geti nikalia. Alingoja. Nilimsikia akipumua, polepole, bila ule mlango.

"Uko wapi?" akauliza. "Nasikia pikipiki."

"Getini."

"Getini ya Halima? Nani amekushika?"

Niligeuka kumtafuta. Ua ulikuwa mtupu, na kule ndani, kupitia mlango niliouacha wazi, fremu ilikuwa imesimama kando ya kitanda. Zubeda alitokea na mtoto mwenye povu, akasimama pale pale, mkono mdomoni.

"Hakuna mtu," nikamwambia. "Nimekuja mwenyewe."